Tope la Goti

Nchi yenyewe usiitafute kwenye ramani ya darasani, maana ipo nyuma ya milima ambayo wachora ramani walichoka kuipanda, wakaandika tu "na kuendelea". Lakini ni nchi kamili, ina wimbo wake wa taifa, ina mvua za kutosha, na ina serikali inayopenda kazi kuliko mtu mwenye njaa anavyopenda ugali. Huko ndiko alikokaa Mama Subilaga, na banda lake la nguruwe nyuma ya nyumba, na binti yake Subilaga aliyekuwa darasa la saba.

Mambo yalianza kwa nia njema kabisa. Hapo nyuma maafisa mifugo wa nchi ile walikuwa wakikagua mazizi wakiwa mgahawani. Mtu anaagiza chai na chapati mbili, anaandika: nimefika kijijini, mifugo ina afya, wananchi wanashukuru. Mkuu wa Nchi alipokuja kujua alikasirika, akasimama mbele ya umati akasema kwamba kuanzia siku ile hataki kuona ripoti, anataka kuona tope. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Na kweli lilikuwa neno zuri. Shida ni kwamba wasaidizi wake walilichukua kama lilivyo.

Kabla mwezi haujaisha kila afisa alikuwa amepewa jozi moja ya mabuti meusi ya mpira yenye nembo ya taifa kisiginoni, na wizarani kukafunguliwa Kitengo cha Tope. Mwisho wa mwezi afisa anapandishwa juu ya meza, Mkuu wa Kitengo anavaa miwani, anapima kwa rula. Tope likiishia kwenye unyayo, huyo mzembe, anaandikiwa barua ya onyo. Likifika kifundo, huyo anaitwa Afisa wa Kifundo, anapeana mikono na Mkuu wa Kitengo. Likifika goti, basi huyo ni Afisa wa Goti, anapewa ofisi yenye zulia na mtu wa kumfungulia mlango. Nchi nzima walikuwa wawili tu, na mmoja wao inasemekana aliteleza mtoni.

Kitengo hakikuwa cha kudanganywa. Kilijua kusoma tabaka za tope kama mwalimu anavyosoma daftari: hili jekundu, afisa alifika mlimani, hili jeusi, alifika bondeni, hili lenye nyasi, alijilaza njiani akarudi. Kwa hiyo kuosha mabuti likawa kosa, lenye jina lake rasmi, Kuharibu Ushahidi wa Serikali. Maafisa waliyavua jioni kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto, wakayafunika kwa chandarua mbwa wasije wakayalamba.

*

Ugonjwa ulianzia bondeni, kwa ndama. Halafu ukatokea kwa nguruwe, na huko kwa nguruwe haukuwa na mchezo. Mtoto wa nguruwe anaamka mzima, saa nne anatapika maziwa, saa sita anatoa maji ya manjano, kesho yake macho yamedidimia na ngozi imemkauka, keshokutwa hayupo. Mama yake anabaki amelala ubavu, chuchu zimejaa, anaguna akiwaita wanawe na hakuna wa kuja.

Wataalamu walisema ni virusi, vya ng'ombe ni vyake na vya nguruwe ni vyake, na vyote haviwagusi binadamu. Wizara ikafurahi kusikia hilo la mwisho. Kisha ikakaa siku tatu kutafuta jina, kwa sababu kuhara ni neno lisilo na staha kwenye barua yenye nembo ya taifa. Wakakubaliana uitwe Ulaini Uliopitiliza. Redio ilipotangaza kwamba wananchi wajihadhari na Ulaini Uliopitiliza, wengi walidhani ni tangazo la mkate.

Jirani wa Mama Subilaga, Mzee Ambakisye, alipoteza ndama wawili na watoto wa nguruwe tisa ndani ya wiki moja. Mama Subilaga alikwenda kumpa pole, lakini alisimama upande wa kwake wa uzio, na Mzee Ambakisye hakuona vibaya. Alimsimulia taratibu, akiwa ameegemea jembe alilofukia nalo, kwamba Afisa alikuja Jumatatu na mifugo yote ilikuwa mizima. Tena alisifu ukaguzi ule. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu wa serikali mwenye bidii namna ile, maana aliingia zizini, akatoka, akaingia bandani, akasimama mpaka ndani ya hori la chakula, akachezesha miguu.

Wizara nayo haikulala. Ilifanya uchunguzi ikagundua jambo la kushangaza: kila mahali mifugo ilipokufa, afisa alikuwa ameshafika siku tatu kabla. Taarifa ikasomwa saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Ilisema serikali inajivunia kuwatangazia wananchi kwamba maafisa wake ni wepesi kiasi cha kufika kabla ya ugonjwa wenyewe, na kwamba ili kuukomesha, ukaguzi utafanyika mara mbili zaidi.

*

Nguruwe wa Mama Subilaga aliitwa Bibi Harusi, kwa jinsi alivyopenda kutayarishiwa mambo. Mzao wake wa kwanza aliulalia karibu wote. Huu ulikuwa wa pili, na Jumanne alizaa kumi na mmoja, wazima, wamepangana kwenye chuchu kama watoto kwenye foleni ya uji. Mama Subilaga aliwaangalia akaona ndani yao tranka, godoro na blanketi mbili, kwa sababu mwakani Subilaga angekwenda shule ya bweni, kama wale kumi na mmoja wangefikisha miezi miwili wakiwa hai.

Siku hiyohiyo alipitia ofisi ya kata kusoma matangazo. Ubaoni kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ratiba ya ukaguzi: Jumatatu kitongoji hiki, Jumatano kile. Ya pili ilikuwa orodha ya vifo: Alhamisi kitongoji hiki, Jumamosi kile. Zilibandikwa ubavu kwa ubavu, kwa gundi ileile, na mtu yuleyule. Mama Subilaga aliishia la saba, lakini kuhesabu siku tatu anajua. Akasoma ya kushoto, akasoma ya kulia, akarudi kushoto. Kwenye ratiba ya kushoto kitongoji chake kilikuwa Alhamisi. Orodha ya vifo, ya kulia, ilikuwa bado na nafasi chini.

Jumatano asubuhi alibisha hodi kwa Afisa Lwitiko, afisa mifugo wa kata.

Bwana Lwitiko hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Alikuwa mpole, mnene kiasi, mwenye miaka minane katika cheo cha Kifundo. Alimkaribisha akae, kisha akamzuia haraka na kumwonyesha benchi, kwani kigoda alichotaka kukalia kilikuwa cha mabuti. Yalikuwa pale juu yake, yamesimama wima, yamevimba kwa tope kama mikate iliyoumuka.

Mama Subilaga alizungukazunguka kwanza. Aliulizia watoto, akaulizia mvua, akasifu mapazia. Halafu akasema nguruwe wake amezaa jana, na kwamba kesho atamwekea mkuu beseni la dawa ya kuua vijidudu pale getini, na brashi, ili ayasugue kidogo kabla ya kuingia.

Afisa aliyatazama mabuti kama mzazi aliyeambiwa mwanawe anapelekwa sindano.

"Mama Subilaga, unayaona haya? Hapa pana masika manane. Hili jekundu ni la mlimani, nilitembea saa tano na nikanyeshewa. Hili jeusi ni la bondeni. Nimebakiza vidole viwili nifike goti. Mke wangu ananiuliza kila mwisho wa mwezi, na mama mkwe wangu ananiuliza katikati ya mwezi. Leo uniambie niyasugue?"

"Hilo la juu kabisa ni la kwa Mzee Ambakisye," Mama Subilaga akasema. "Ulipita tena kwake wakiwa wanaharisha, lina choo cha wale watoto tisa waliokufa."

"Ndiyo hilo," akaitikia Bwana Lwitiko. "Ni tabaka zuri."

Mama Subilaga akajaribu njia nyingine. Akamweleza kwamba Subilaga alipokuwa mchanga aliwahi kuharisha mpaka utosi ukabonyea, na nesi wa zahanati alimshika mikono hii miwili, akaigeuza juu chini, akamwambia ugonjwa wa tumbo hauna miguu, unaazima ya kwako. Tangu siku hiyo ananawa kabla ya kumshika mtoto, na mtoto amefika darasa la saba.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho, na huenda liliingia kidogo, maana alijikuna shingo. Lakini akasema sheria ni sheria. Fomu ya kuomba kutokaguliwa ipo, ila inajazwa wakati wa ukaguzi, ndani ya banda, afisa akiwepo. Na mfugaji akikataa ukaguzi, mifugo yake inapelekwa kwenye Zizi la Uangalizi, ambako wanyama wote wanaoshukiwa wa kata tano wanawekwa pamoja mpaka ithibitike kuwa ni wazima. Mama Subilaga akauliza ni wangapi wamewahi kuthibitika. Afisa akafungua droo, akaifunga, akasema zoezi linaendelea.

*

Alhamisi aliamka amechoka kama mtu aliyelima. Alimtoa Subilaga kwenda shule, akachukua ndoo akakoroga pumba. Alipokuwa pale bandani, kijiti mkononi, Bibi Harusi akimsukuma goti kwa pua, ndipo alipoitazama ile ndoo vizuri. Serikali inataka tope, akajiambia. Haijasema inataka banda.

Afisa Lwitiko alifika saa tatu na nusu, kwa hatua fupifupi asidondoshe kitu. Alimkuta Mama Subilaga amesimama nje ya geti lililofungwa, na mbele yake ndoo mbili kubwa zimejaa tope zito, limelainishwa kwa maji, halina hata kijiwe.

"Karibu, mkuu. Banda langu ndilo hili."

"Hii ni ndoo, mama."

"Ni tope la bandani kwangu, nimelichota mwenyewe asubuhi hii. Nimeona usisumbuke kulifuata ndani. Mtu mzima kama wewe, na jua hili."

Afisa akatoa kitabu cha kanuni mfuko wa shati, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Kanuni ilisema afisa atakanyaga tope la mfugaji husika, mbele ya mfugaji husika. Akageuza ukurasa kutafuta ilisema mahali gani. Haikusema. Akarudi nyuma kurasa mbili, nako haikusema. Basi akashika nguzo ya geti, akanyanyua mguu wa kulia, akautumbukiza.

Tope likapanda. Likapita kifundo, likapita ugoko, likafika palepale ambapo kwa miaka minane halikuwahi kufika, likatulia. Bwana Lwitiko akabaki amesimama ndani ya ndoo kama nguzo ya simu. Akainama akapima kwa vidole. Akapima tena.

"Goti," akasema kwa sauti ndogo.

"Bado wa kushoto, baba," Mama Subilaga akamkumbusha.

Alipotoka kwenye ndoo ya pili macho yake yalikuwa na maji. Aliandika kwenye fomu kwamba banda limekaguliwa kwa kina, akaaga, akaondoka miguu imetanuka kama mtu aliyetoka tohara. Na wiki ile yote, na iliyofuata, hakuingia zizi lolote tena, kwa kuogopa tope lile lisije likakwanguka kwenye mlango wa mtu. Alikagua akiwa barabarani, akipunga mkono.

Kata nzima hakufa hata ndama mmoja.

*

Sasa hapo ndipo wizara ilipofanya hesabu yake. Ikaona kata moja tu ndiyo Ulaini umekoma, na kata hiyohiyo ndiyo yenye Afisa wa Goti mpya. Ikahitimisha kwamba tope likifika goti ugonjwa unaogopa. Ikauliza tope lenyewe limetoka wapi, ikajibiwa kwa Mama Subilaga. Basi ikatoka barua: banda lile limeteuliwa kuwa Banda la Mfano, na viongozi arobaini na mmoja wataingia ndani kujifunza, wakiongozwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, ambaye atakabidhi cheti akiwa amembeba mtoto wa nguruwe mikononi.

Mama Subilaga alisoma barua mara tatu, kisha akampa Subilaga asome, labda yeye angeona kitu kingine. Subilaga naye akaona hayohayo. Ilikuwa imepita siku kumi na mbili tangu wazaliwe, na daktari wa redioni alikuwa amesema mpaka wiki tatu mtoto wa nguruwe hana nguvu ya kuupinga ugonjwa ule.

Walikuja Jumanne na mabasi mawili. Walikuwa wamepitia bondeni kwanza kutoa pole kwenye mazizi saba yaliyofiwa, na walitoa pole kweli, maana wote arobaini na mmoja walikuwa wamevaa mabuti na yote yalikuwa yameiva. Mkuu wa Kitengo cha Tope alikuja na rula yake shingoni kama filimbi ya refa. Mzee Ambakisye alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, mikono nyuma, anaangalia.

Lwitiko, ambaye sasa alikuwa na mtu wa kumfungulia mlango, alimsogelea Mama Subilaga kwa siri. Alimnong'oneza kwamba amejitahidi kuwaeleza habari ya ndoo, wamemjibu kuwa ndoo ni za maafisa, viongozi huingia. Alisema pole, na alionekana ana maana.

Waziri alitoa hotuba akiwa palepale getini, mkono mmoja juu ya komeo. Alisema taifa linalojua kina cha tope lake haliwezi kupotea. Alisema mama huyu ni mfano, ameonyesha kwamba mwananchi wa kawaida akishirikiana na serikali anaweza kuzuia ugonjwa usiingie bandani, na ndiyo maana leo wameamua kuingia bandani kwa wingi wao. Alisisitiza kwamba hana hofu yoyote, kwani sayansi imethibitisha ugonjwa huu haumpati binadamu. Mpiga picha akaomba geti lifunguliwe, mwanga ulikuwa mzuri. Waziri akamaliza, akageuka na tabasamu, akanyoosha mkono kumpa Mama Subilaga.

Kwa ndani, Bibi Harusi alikuwa amelala, na watoto wakinyonya kwa ile sauti yao ya mdomo. Mama Subilaga aliisikia. Akauficha mkono wake ndani ya kitenge, akashusha macho.

"Mheshimiwa, nisamehe, naomba usinishike. Tumbo limenianza tangu alfajiri, linaendesha kweli. Hapa nilipo nimetoka chooni, na komeo hilo ulilolishika ndilo nililolishika mimi nikitoka huko."

Waziri alilitazama komeo. Halafu akautazama mkono wake, akaushikilia mbali na mwili kama mtu aliyeshikishwa samaki aliyeoza.

Hakuna aliyetoa amri. Mwanzo walirudi hatua moja moja, kwa heshima, wakitabasamu. Halafu wale wa nyuma wakageuka kabisa. Mtaalamu mmoja kati yao alikumbusha kwamba vya nguruwe havimpati binadamu, mtu akamjibu kwamba huyu si nguruwe, huyu ni binadamu, na vya binadamu vinampata binadamu. Waziri akauliza bomba liko wapi. Bomba la karibu lilikuwa kwa Mzee Ambakisye, na mzee akawafungulia.

Walinawa viganja, wakanawa mpaka viwiko. Waziri akauliza kama kuna sabuni, ikaletwa sabuni. Mmoja akasema wamekanyaga palepale mama yule alipokuwa akipita kwenda chooni, na neno hilo likapita kwenye mstari kwa haraka kuliko barua yoyote ya serikali. Mkuu wa Kitengo cha Tope alikuwa wa kwanza kuinua mguu chini ya bomba. Alianza kwa maji, akaona hayatoshi, akavua rula shingoni akakwangua nayo mpaka kwenye mifereji ya soli. Wote arobaini wakamfuata. La mlimani likaondoka, la bondeni likaondoka, la vyeo vya miaka mingi likaondoka, likatiririka kwenye mfereji na kupotea nyuma ya zizi tupu la Mzee Ambakisye. Yalipomalizika, mabuti yalikuwa meusi, yanang'aa, na nembo ya taifa ilionekana kisiginoni kwa mara ya kwanza tangu yatoke kiwandani. Cheti walikisahau juu ya uzio.

Mabasi yaliondoka madirisha yamefungwa. Mama Subilaga alikuwa bado amesimama getini, mkono wake mzima bado umefichwa ndani ya kitenge kwa uongo alioutoa mbele ya Waziri. Mzee Ambakisye akafunga bomba lake, akalikaza. Akautazama ule mfereji.

"Kumbe yanaosheka," akasema.